Nilimpimia Mama Mkwe Dawa kwa Tepu ya Kushonea

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako wa haraka, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana kuna mwenzangu kazini nilimdokezea robo tu ya jambo hili akacheka mpaka akakaa chini, na mimi roho haitulii, hapa ninapokuandikia nimejifungia kwenye stoo ya vitambaa nikijifanya natafuta zipu za bluu.

Mimi ni fundi cherehani, nina mume na watoto wawili, nina miaka kumi na sita katika kazi hii kwenye karakana inayoshona sare za wauguzi na za walinzi, na mwaka huu karakana yetu ilinunua mashine mpya za umeme, zile ambazo ukizigusa tu zimeshamaliza pindo, na kampuni iliyotuuzia ikasema tupeleke watu wawili huko kwao wafundishwe kwa wiki tatu, basi tukachaguliwa mimi na msimamizi wetu, mama mmoja mwembamba sana ambaye tunamwita Sindano, ila si mbele yake. Mimi sijawahi kutoka nje ya nchi, Shangazi. Nilifungasha hadi kamba ya kuanikia nguo, lakini dawa sikubeba hata kidonge kimoja, kwa sababu nilipoondoka nilikuwa mzima.

Siku ya nne huko ugenini mgongo ukanikamata, viti vyao ni vifupi na mashine ziko juu, nikawa natembea nimeinama kama natafuta pini iliyodondoka, na nikaona aibu kumwambia Sindano asije akasema ningebaki nyumbani wakaja wenye migongo imara, kwa hiyo nikaingia duka la dawa peke yangu, lugha yao siijui hata salamu, nikamwonyesha muuzaji mgongo na kuguna kidogo, akaelewa, akanipa boksi.

Sasa hapo naomba nikueleze jambo moja kuhusu sisi mafundi ili usinione mjinga moja kwa moja. Mitindo yetu mingi inakuja kwenye karatasi za kukatia kutoka nchi za mbali, maandishi yake hatuyajui na hatujawahi kuhangaika nayo, tunaangalia picha iliyo juu ya bahasha, tukiona mwanamke amevaa gauni la marinda tunakata, tunashona, na gauni linatoka na marinda yake. Picha haijawahi kuniangusha katika miaka kumi na sita. Na lile boksi lilikuwa na picha safi kabisa, upande wa kushoto mtu ameinama ameshika kiuno, upande wa kulia mtu yule yule amesimama wima anatabasamu, na kwa nyuma palikuwa na vipicha vidogo vitatu vilivyopigwa mstari mwekundu, chupa, gari, na kitu kama maharage mawili. Nikaelewa kwamba mtu akinywa dawa hii asinywe pombe, ambayo mimi sinywi, asiendeshe gari, ambalo mimi sina, na asile maharage. Shangazi, nilitii. Mpaka siku ya kurudi nyumbani sikugusa maharage.

Yule muuzaji, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo, aliongea na mimi kwa muda mrefu sana, akanionyesha kalenda ukutani, akafanya alama ya msalaba kwa mikono, akashika kifua chake, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa ndiyo, ndiyo, maana ningefanyaje, na mwishowe akainua vidole vitano, nikajua ananiaga, na mimi nikampungia mkono. Akatikisa kichwa, akainua tena vitano. Nikampungia mikono yote miwili, nikatoka nikiwaza jinsi watu wa kule walivyo wakarimu.

Kiasi cha kumeza ndicho kilichonisumbua, maana hicho hakikuwa na picha. Nikafikiri kifundi, nikasema kitambaa hukatwa kulingana na mwili, mtu mpana huwezi kumtosheleza kwa mita moja na nusu, na dawa nayo inaingia katika mwili huo huo, basi nikatoa tepu yangu nikajiwekea kanuni, kila inchi ishirini za kiuno ni kidonge kimoja, asubuhi na jioni. Mimi nina inchi arobaini na mbili, kwa hiyo viwili na kipande, kile kipande nikakiacha kwa sababu mimi si mlafi.

Shangazi, mgongo ulipona siku ile ile. Ni kweli siku ya tatu ya kumeza nilisinzia kwenye mashine mpya nikashona mkono wa blauzi yangu pamoja na mguu wa suruali ya mlinzi, mshono wa mara mbili, umenyooka vizuri tu, mpaka mwalimu wa mashine akanikata kwa mkasi huku akiniomba radhi yeye, lakini nilisema ni uchovu wa safari. Sindano alipolalamika bega nikampima na yeye, inchi ishirini na tano, nikampa kimoja na robo, akalala safu ya mbele mdomo wazi katikati ya hotuba ya mkurugenzi wa kiwanda. Nikasema na huyo ni uchovu wa safari. Kabla ya kurudi nikataka kununua nyingi, kila duka wakakataa kuniuzia zaidi ya boksi moja, nikadhani ni dawa nzuri inayogombewa, nikazunguka maduka sita, boksi moja kila duka.

Sasa ndiyo nafika kwenye kidonda chenyewe. Mama mkwe wangu ni mwalimu mkuu mstaafu, anaishi nasi, na kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa hajawahi kuniita mwanangu. Ananiita mke wa mwanangu. Nikipika anaonja anasema "inalika." Nikimshonea gauni analigeuza ndani nje, anakagua mishono, anasema "sawa." Si mkorofi, hajawahi kunitukana, ila ananiangalia kama vile majibu ya mtihani wangu hayajatoka. Ana magoti mabovu na ana presha, anameza dawa ya presha ya kliniki kila asubuhi, na niliporudi safari nikamkuta anashuka ngazi za barazani kwa kukaa kitako ngazi moja moja, nikamhurumia kwa kweli, nikamwambia, "Mama, nimekuletea dawa ya viungo." Akauliza, "Imetoka kwa nani?" Na mimi, sijui ni shetani gani, nikajibu, "Kwa daktari bingwa wa mifupa, mama. Nilimweleza habari zako." Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani. Nikatoa tepu, nikampima kiuno kwa makini, inchi arobaini kamili, nikamwandikia viwili asubuhi, viwili jioni, na maharage tukaacha nyumba nzima.

Baada ya siku mbili mama akashuka ngazi kwa miguu yake. Baada ya wiki akaenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, na Jumapili wageni walipokuja akanishika mkono mbele ya mashemeji wote akasema, "Huyu mwanangu ndiye daktari wangu." Shangazi, nilikwenda jikoni nikalia. Mume wangu akadhani nimeungua.

Sasa ni wiki ya nne, na miguu yake imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, pete haivuki kifundo cha kidole, kichwa kinamuuma, anasinzia tukiwa tunaongea, na chooni anasema anakwenda lakini hapati mkojo wa maana. Mume wangu ameniuliza dawa ile inaitwaje ili amwambie daktari wa kliniki, nikamjibu kwamba jina ni refu. Na mimi bado nampa, viwili na viwili, kwa sababu nikiacha ataniuliza kwa nini, na nikimwambia ukweli kwamba hakuna daktari bingwa, kuna mimi na tepu yangu, basi nitarudi kuwa mke wa mwanae mpaka nife.

Nimekuwekea kipande cha boksi ndani ya bahasha. Naomba uniambie, je, hakuna namna ya kumwachisha polepole bila kusema kitu, kwa mfano niweke peremende nyeupe za saizi ile ile, au nimwambie yule bingwa amefariki?

Ni mimi mwenye hofu,
Fundi wa Stoo ya Vitambaa

*

Shangazi anajibu:

Fundi, nilijitahidi kutocheka kama ulivyoomba. Ulipompungia yule mama mikono yote miwili nilishindwa, sitakudanganya. Lakini nilipofika kwenye miguu ya mama mkwe wako nilisimama na barua mkononi, nikachukua kipande chako cha boksi, nikavuka barabara hadi kwa mfamasia wetu bila hata kubadilisha kandambili ninazovalia ofisini.

Mfamasia naye hakuweza kusoma maandishi yale. Tofauti yake na wewe ni kwamba alisema "sielewi", akampigia mwenzake aliyesomea huko, akampelekea picha, na kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai tukawa na majibu. Ni dawa kali ya maumivu iliyochanganywa na dawa ya kulegeza misuli. Ni kidonge kimoja kwa siku, kiwe kiuno cha nyuki au cha pipa. Haimezwi zaidi ya siku tano. Vile vidole vitano, binti yangu, hakuwa anakuaga. Ile kalenda hakuwa anakuonyesha tarehe ya sikukuu. Alipofanya msalaba kwa mikono na kushika kifua alikuwa anauliza kama una presha, maana mwenye presha haigusi bila daktari. Na lile gari lililopigwa mstari maana yake usiendeshe gari wala usikae kwenye mashine yoyote, na wewe ukaenda ukakaa kwenye mashine inayomaliza pindo kwa kuguswa. Shukuru ulishona blauzi, hukushona kidole.

Na yale si maharage. Ni figo.

Soma tena hapo, kisha tuendelee. Picha ilikwambia dawa hii inaweza kuumiza figo, wewe ukaondoa chakula chenye afya mezani, ukaacha sumu. Miguu inayobonyea na mkojo unaokataa ni figo zinazolalamika. Maduka sita yalikataa kukuuzia boksi la pili kwa sababu wenyewe wanaijua, na wewe ukaona ni dili. Mtindo ukikosea kukata unafumua, unatia kiraka, mteja ananung'unika, maisha yanaendelea. Figo ya mama wa watu utaifumua vipi?

Nakuonea huruma, nisikufiche. Nimesoma ile sehemu ya jikoni mara mbili. Miaka kumi na mmoja ya "inalika" si michache, na mtu aliyesubiri neno moja muda wote huo akilipata anaweza kulishika hata kama linamchoma. Lakini ulikuwa tayari kumuua bingwa ambaye hajazaliwa ili usiseme sentensi moja! Peremende, Fundi? Kwa mwalimu mkuu mstaafu?

Sasa nisikilize vizuri, maana kuna jambo nimelifanya na utanikasirikia. Barua yako ilifika Jumatatu. Gazeti linatoka Jumamosi. Figo hazijui ratiba ya gazeti. Chini ya barua uliandika namba ya simu kisha ukaikata kwa kalamu, lakini uliikata kwa huruma, tarakimu zote zinaonekana. Nikapiga. Simu ilikuwa imeachwa sebuleni inachaji, na aliyepokea hakuwa wewe. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa.

"Mke wa mwanangu yuko kazini," akasema. "Wewe ni nani?"

Hapo ningeweza kukata simu nikalinda siri yako, au kuendelea nikalinda figo. Nilichagua figo. Nikajitambulisha, nikasema, "Mama, vile vidonge vya viungo, naomba leo usimeze tena, na uende hospitali na boksi lake." Nikajiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja. Akasema maneno ambayo niliyaandika pembeni ya barua yako wakati bado anaongea:

"Shangazi, nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Mtoto akinidanganya namjua kwa anavyosimama. Daktari gani anaandika dawa kwa tepu?"

Nikamuuliza, "Sasa mama, kama ulijua, kwa nini ulimeza?"

"Kwa sababu hajawahi kuniletea kitu ambacho mume wake hakumwambia alete. Alipiga magoti pale sakafuni ananipima, ameacha shughuli zake zote kwa ajili ya magoti yangu. Ningemrudishia vipi? Nilidhani ni vitamini tu, haviwezi kudhuru."

Niliwahi kugombeza watu wengi katika kazi hii, lakini siku hiyo nilimgombeza mwalimu mkuu. Nilimwambia hizo si sababu za mtu mwenye akili timamu kumeza asichokijua, na kwamba yeye na wewe mmefanana mno kama mliozaliwa tumbo moja. Akacheka. Kisha akaniomba nisikwambie kwa simu, eti utaona haya mbele yake. "Andika tu gazetini," akasema, "maana mimi uso kwa uso sitaweza." Nyie watu mnaishi nyumba moja, mnakula meza moja, halafu mnapitishia maneno yenu kwangu! Haya, nimeyafikisha.

Jumanne asubuhi aliwaaga kwamba anakwenda kumtazama dada yake. Alikwenda hospitali, na boksi tupu aliloliokota jikoni, kisha Alhamisi akanipigia mwenyewe kunipa habari. Daktari amesimamisha vidonge hivyo kabisa, amempima damu, na figo zimekutwa zimeelemewa. Anatumaini zitarudi kwa kuwa zimewahiwa, lakini hakuapa, na mimi siapi. Dawa yake ya presha anaendelea kama daktari alivyomwelekeza. Na tangu siku hiyo, viwili vya asubuhi na viwili vya jioni unavyompa anavifunga kwenye leso ili asikuvunje moyo. Wewe umesimama pale na glasi ya maji, unaamini amemeza.

Basi fanya hivi. Maboksi yaliyobaki yatoe yalikofichwa, hata kipande kimoja kisibaki, uyapeleke kwa mfamasia akayateketeze. Usiyatupe jalalani akaokota mwingine mwenye mgongo. Mwambie mume wako leo, kabla hajala. Sindano naye mwambie, tena ana haki ya kujua kwa nini alikoroma mbele ya mkurugenzi, na kama alibaki na vidonge avilete. Wewe mwenyewe uliyekula mara nne ya kipimo kwa zaidi ya wiki mbili nenda ukapimwe, usijione mashine. Na karakana ikikutuma tena huko mbali, beba dawa unazozijua zikiwa kwenye paketi zake, pamoja na karatasi ya daktari, na ukiugua kabla hujameza chochote tafuta mtu wa kukutafsiria, awe mwalimu wa mashine, awe mhudumu wa nyumba ya wageni, awe Sindano na simu yake. Mtu akiongea usimwelewe, usiitikie kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ndiko kulikowafikisha hapa.

Wasomaji wengine mnaocheka huko, fungueni makabati yenu. Najua kuna chupa mlizoletewa na shemeji kutoka safari, na hakuna anayejua zimeandikwa nini.

La mwisho. Jumatatu hii inayokuja, saa tatu asubuhi, mama ana miadi ya kurudi kuchukua majibu ya pili ya figo. Atavaa, atachukua mkoba, atakwambia tena anakwenda kwa dada yake. Omba ruhusa kazini, zipu za bluu zitajitafuta zenyewe. Mngoje mlangoni, mshike mkono, mwambie, "Mama, mimi nilikudanganya, na leo twende wote." Usiongeze neno. Najua unachoogopa kusikia akikujibu, na sina budi kukwambia kilichotokea mwisho wa simu ile, wakati namuaga. Nilimuuliza jina la kuandika kwenye daftari langu, la huyo aliyemletea vidonge. Nilitaka jina lako tu. Akasema, "Andika ni mwanangu."